Mume wangu anakunywa pombe kidogo "kujikinga na mafua". Je, kweli mwili wa mwanamume hauathiriki?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mume wangu kila akishikwa na mafua hunywa pombe kidogo usiku. Anasema inaua vijidudu na kuupa mwili kinga. Nikimkumbusha dini hunijibu kwamba pombe inawadhuru wanawake, miili ya wanaume inaihimili, na kwamba yeye halewi. Siku hizi anakunywa hata akiwa mzima. Maneno yake yana ukweli wowote? Na je, sharia inatofautisha mwanamume na mwanamke katika jambo hili?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu.

Hoja ya dawa haikuanza na mumeo. Tariq bin Suwayd al-Ju'fi (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu khamri, yaani kileo, naye akamkataza. Tariq akasema anaitengeneza kwa ajili ya dawa tu. Mtume akamjibu: "Hiyo si dawa, bali ni ugonjwa." Hadithi hii ameipokea Imam Muslim. Utaona kwamba Tariq hakutaja starehe wala ulevi. Alileta udhuru uleule unaousikia nyumbani kwako.

Ama kuua vijidudu, kuna mahali watu wanachanganya. Dawa ya kupaka mikononi huwa na pombe ya kiasi cha asilimia 60 hadi 80, na inafanya kazi juu ya ngozi. Ikinywewa, pombe huenea katika maji yote ya mwili. Hata mtu aliyezimia kwa ulevi, pombe iliyomo kwenye damu yake haifikii asilimia 1. Haina nguvu ya kuua kirusi cha mafua, lakini inatosha kabisa kuwapumbaza walinzi wa mwili. Mwaka 2020, wakati wa korona, uvumi kama huu wa mumeo ulienea Iran na mamia ya watu wakafa kwa kunywa pombe yenye methanoli, aina ya pombe iliyo sumu. Walikuwa wanatafuta kinga, masikini.

Hao walinzi ni chembechembe nyeupe za damu. Zipo zinazokaa ndani ya mapafu na kumeza kila kijidudu kinachoingia na pumzi. Kwa mnywaji wa kudumu hulegea, na vile vinyweleo vidogo vinavyofagia makohozi kutoka kwenye njia ya hewa navyo huchoka. Ndiyo maana wanywaji wakubwa hushikwa zaidi na homa ya mapafu na kifua kikuu. Utumbo nao huvuja: sumu za bakteria hupenya ukuta wake, zikaingia kwenye damu na kufika kwenye ini, na kinga ikabaki inapigana na moto wa ndani badala ya adui wa nje. Wala si lazima mtu awe mlevi wa miaka. Akinywa sana usiku mmoja tu, uwezo wa mwili kupambana na maambukizi hushuka, na unaweza kubaki chini hadi siku ya pili yake.

Kuhusu tofauti ya jinsia, mumeo ameshika nusu ya neno. Ni kweli kwamba mwanamke akinywa kiasi sawa na mwanamume, hata wakiwa na uzito mmoja, damu yake kwa kawaida hubeba pombe nyingi zaidi. Mwili wake una maji machache ya kuizimua, na kimeng'enya cha kuivunja tumboni huwa dhaifu zaidi kwake. Ini lake huharibika kwa pombe kidogo zaidi na kwa muda mfupi zaidi, na hatari ya saratani ya matiti huongezeka. Maumbile ya mwanamke kwa kawaida yamempa kinga kali kuliko ya mwanamume, na pombe humpunguzia neema hiyo. Akiwa mjamzito, hupita moja kwa moja hadi kwa mtoto.

Lakini tangu lini kuumia kwa jirani kukawa ni salama yangu? Mwanamume naye mapafu yake hulegea, ini lake hunyauka, na pombe ya muda mrefu humshusha hata homoni za kiume. Yeye huchelewa kidogo tu kuliona.

Hukumu ni moja kwa wote. Aya ya 90 ya Surat al-Maida imewaita "Enyi mlioamini", ikasema jiepusheni. Mtume (s.a.w.) amesema kila kileweshacho ni haramu, na kwamba kinacholewesha kikiwa kingi, kidogo chake pia ni haramu. Kwa hiyo "silewi" haimsaidii.

Na hapa naomba uwe makini unapozungumza naye. Usiijenge hoja yako yote juu ya utabibu. Qur'ani yenyewe, katika al-Baqara aya ya 219, imekiri kuwa khamri ina manufaa fulani kwa watu, kisha ikasema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Sababu ya uharamu ni kulewesha, si mafua wala ini. Ukimwambia "acha kwa sababu inashusha kinga", kesho ataleta habari ya daktari fulani aliyesifu mvinyo, na utakuwa huna la kusema.

Kwa upande wako, usimnunulie wala usimmiminie. Katika waliolaaniwa kwa khamri yumo anayeimimina na anayeibeba. Usimkatishe tamaa na swala pia. Kuna wanaomwambia mnywaji asiswali siku 40, na hilo ni kosa: hadithi inazungumzia kukosa thawabu, faridha iko palepale, isipokuwa asiiendee akiwa amelewa. Akitubu, mlango uko wazi.

Mwisho, kama anakunywa kila siku na akiikosa pombe mikono yake hutetemeka, hutoka jasho au hakosi kukesha, asikate ghafla peke yake. Mwili uliozoea pombe unaweza kupata degedege na hata kufa. Mpelekeni hospitali aachishwe chini ya uangalizi. Dawa atakazopewa huko ni halali yake, na safari hiyo ni sehemu ya toba. Wallahu a'lam.