Sanamu ndani ya boksi lenye sili: masuali ya wasomaji

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu jambo moja: kununua sanamu ya mhusika wa filamu au katuni, boksi lake halijafunguliwa, kutoka kwa mtu ambaye si kampuni iliyoitengeneza wala duka lililoidhinishwa nayo. Tumechagua sita. Hukumu ya kuweka sanamu nyumbani waulizwe masheikh. Hapa tunajibu la pesa, la usafiri na la boksi lenyewe.

SUALI: Assalaam alaykum. Kuna mtu Dubai anauza sanamu ya kipimo cha robo kwa dola 400. Anasema bila sili angeiuza 310, lakini hii haijaguswa tangu itoke kiwandani. Hizo dola 90 za sili zina haki?
*Msomaji, Mpendae*

JIBU: Wa alaykum salaam. Sili inakwambia jambo moja tu, kwamba hakuna aliyetazama ndani. Haikwambii kuwa kilichomo ni kizima.

Kipimo cha robo maana yake mhusika wa sentimita 180 anakuwa wa sentimita 45. Nyingi za ukubwa huo ni za polistoni, yaani rizini iliyochanganywa na unga wa mawe. Ni nzito, haipindi, na ikipata kishindo hukatika kama kigae. Ndani ya katoni ya nje kuna boksi la picha, na ndani yake tabaka mbili au tatu za stairofomu zilizochongwa mashimo ya kila kipande. Katoni ikiangukia kona, stairofomu hubonyea kidogo, kiwiliwili kizito hujisukuma mbele, na msukumo wote unabebwa na sehemu nyembamba: vifundo vya miguu, vidole, ncha za nywele, upanga, pindo la joho. Katoni kwa nje inaweza kubaki haina hata mkunjo.

Halafu yapo makosa ya kiwandani. Mikono miwili ya kulia badala ya kulia na kushoto. Sumaku iliyogundishwa kinyume, kwa hiyo kichwa kinasukumwa badala ya kushikwa. Rangi ya jicho iliyohama. Mnunuzi wa kwanza akifungua siku ile ile, anaandika kwa kampuni na kuomba kipande cha kubadilisha. Kampuni nyingi humhudumia aliyenunua kwao au kwa wakala wao, mwenye risiti, ndani ya muda mfupi, na vipande vya akiba vikimalizika basi. Muuzaji aliyekaa na boksi miaka mitatu bila kulifungua ameuacha muda huo upite. Anachokuuzia kwa dola 90 zaidi ni haki ya kubeba hasara ambayo yeye hakutaka kuijua.

Na kuna hili la kwetu. Mzigo ukifika Malindi au uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, afisa wa forodha ana haki ya kufungua na kutazama, na katoni kubwa, nzito, iliyozibwa pande zote, haishangazi ikipasuliwa. Sili uliyoilipia inaweza kukatwa kabla haijafika Mpendae, na hakuna wa kukurejeshea.

Mwambie muuzaji afungue, apige picha kila kipande kikiwa bado ndani ya shimo lake, kisha vifundo, vidole na sehemu za kuunganishia kwa karibu, na akuuzie kwa 310. Muuzaji mwenye mali nzima hapotezi kitu. Akikataa kata kata, tafuta mwengine. Sanamu iliyotolewa nakala mia kadhaa huonekana tena sokoni, subira ndiyo inayokosekana.

SUALI: Nilinunua kwenye soko la mtandaoni kwa muuzaji wa Marekani. Mzigo ukapelekwa kwa wakala wa kago Dubai, ukapanda meli mpaka Unguja, kisha Mkoani. Nimefungua hapa nyumbani, upanga vipande viwili. Soko limekataa kunilipa. Sababu nini?
*Msomaji, Wete*

JIBU: Sababu ni wakala. Kinga ya mnunuzi kwenye masoko mengi hukomea kwenye anwani uliyoitoa wakati wa kununua. Masharti ya eBay, kwa mfano, hayalindi mzigo ambao baada ya kufikishwa umesafirishwa tena kwenda anwani nyengine, iwe na wewe au na wakala. Kwao, mzigo ulifika Dubai salama, habari imekwisha.

Muda nao ni adui. eBay hutoa siku 30 tangu mzigo kufikishwa. Kwa anwani yako, siku hizo zinaanza kuhesabiwa Dubai. Kago ya meli inaweza kula siku zote hizo, na Pemba huongeza kusubiri chombo cha pili na mikono ya wachukuzi wengine. PayPal, huduma ya kulipia mtandaoni, wana muda mrefu zaidi, siku 180 tangu ulipolipa, lakini si kwa pesa zilizotumwa kwa njia ya marafiki na jamaa. Muuzaji akikuomba utumie njia hiyo "ili kukwepa makato", anakuomba uivue kinga yako. Aliyelipa kwa kadi anaweza pia kudai kupitia benki yake, asingoje. Pesa za simu ukishamtumia mtu uliyemkusudia, usitegemee mtandao ukurejeshee.

Kwa safari ijayo, ukaguzi ufanyike Dubai kabla ya mzigo kupakiwa. Mlipe wakala kitu kidogo kwa kazi hiyo na umuandikie hatua moja moja:

Apige video moja isiyokatwa, aanze na pande sita za katoni, lebo ya usafiri na tepu zote. Akate tepu kwa wembe uliotokeza milimita 5 tu, kwa sababu boksi la picha limegusana na katoni. Boksi la picha lilazwe chali, stairofomu itolewe kwa kuvutwa kama droo. Asilisimamishe na kuvuta sanamu juu kwa kichwa au mkono. Tabaka la juu liondolewe, kila kipande kipigwe picha kikiwa mahali pake, kisha vihesabiwe kwa karatasi ya maelekezo. Asitupe chochote: vipande vidogo mara nyingi hufichwa kwenye kibonge cha stairofomu kilichofungwa tepu upande wa chini.

Kimoja kinachowatia watu hofu bure ni shimo tupu. Kampuni nyingi hutengeneza stairofomu moja kwa toleo la kawaida na toleo maalumu lenye kichwa au mkono wa ziada. Ukinunua la kawaida, shimo la ziada litakuwa tupu na hakuna kilichoibiwa. Karatasi ya maelekezo au ukurasa wa kampuni ndio wa kuamua.

Kikiwa kibaya, dai lifunguliwe mzigo ukiwa bado Dubai. Kikiwa kizima, kirudishwe vile vile kilivyokuwa, na katoni ya nje iingizwe ndani ya katoni nyengine yenye nafasi ya sentimita 5 kila upande iliyojazwa karatasi iliyofinyangwa kwa nguvu.

SUALI: Kuna kijana anauza WhatsApp hapa mjini, sanamu mbili "sealed". Nitajuaje kama sili ni ya kiwanda?
*Msomaji, Mlandege*

JIBU: Kwa tepu peke yake hutajua kwa yakini, kwa sababu tepu ya kiwanda mara nyingi ni ya kawaida, ya uwazi au ya kahawia, na inauzwa dukani. Lakini tazama kingo. Tepu ikibanduliwa hung'oa ngozi ya juu ya karatasi. Ikibandikwa mpya juu yake, chini utaona nyuzi zilizochanika au mstari wa gundi ya zamani usiolingana na tepu ya sasa. Tepu mbili juu ya moja, au upande wa chini tofauti na wa juu, ni dalili ya kuulizia.

Mizani inasema zaidi. Kampuni kama Sideshow na Prime 1 Studio huandika uzito na vipimo vya bidhaa zao kwenye kurasa zao. Pima katoni kwenye mizani ya duka. Ikikosekana kilo 2 au 3, huenda kipande hakimo, au ni nakala ya bandia iliyomwagwa kwenye kalibu iliyochukuliwa kwa sanamu halisi. Baadhi ya nakala hizo ni nyepesi, ndani zina uwazi. Linganisha pia namba ya bidhaa kwenye lebo ya katoni na ya kampuni, herufi kwa herufi, maana toleo maalumu huwa na namba yake, na wapo wanaouza la kawaida kwa bei ya maalumu.

Namba ya nakala, ile ya kusema hii ni ya ngapi kati ya ngapi, aghalabu huandikwa chini ya kitako cha sanamu. Kwa hiyo anayekuahidi namba fulani na wakati huo huo anaapa boksi halijafunguliwa, muulize ameionea wapi.

Kwa muuzaji wa hapa hapa, dawa ni nyepesi kuliko ya Dubai. Kutaneni, pesa ziwe tayari, mfungue pamoja juu ya meza, ndio ulipe. Usitume amana.

SUALI: Muuzaji ameniambia nisiogope, ikivunjika nirudishe. Hiyo si kinga tosha?
*Msomaji, Fuoni*

JIBU: Piga hesabu kwanza. Katoni ya sentimita 62 kwa 50 kwa 48 inaweza kuwa na kilo 14 kwenye mizani, lakini makampuni ya usafiri wa haraka hutoza kwa ukubwa: zidisha pande tatu, gawa kwa 5,000. Inatoka 29.76, yaani unalipia karibu kilo 30. Wakala wa kago ya ndege akigawa kwa 6,000 utalipia 24.8. Kwa meli ni kama mita 0.15 za ujazo, na hapo ndipo nafuu ilipo.

Tuseme sanamu ni dola 400, nauli 180, bima 20, jumla 600. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa bidhaa nyingi zilizokamilika ni asilimia 25, yaani 150. VAT ya Zanzibar ni asilimia 15 ya 750, yaani 112.50. Umefikia dola 862.50 bila tozo ndogo ndogo na gari la kukuletea Fuoni. Sasa irudishe: nauli nyengine ya dola 180, na kurejeshewa ushuru ni safari ya makaratasi peke yake. Muuzaji anajua kwamba mtu wa visiwani harudishi. Mwambie aandike waziwazi nani analipa nauli ya kurudisha. Asipoandika, usiiweke ahadi hiyo kwenye hesabu zako.

SUALI: Nimenunua ya PVC, ina sili. Nataka kuiweka hivyo hivyo miaka kadhaa nije niiuze. Iko juu ya kabati, chini ya bati.
*Msomaji, Chake Chake*

JIBU: Ishushe leo, dada. PVC ni plastiki, nayo hulainika kwa joto, na mhusika anayesimama kwa mguu mmoja huanza kuinama. Zaidi ya hapo, mafuta yanayotiwa ili kuilainisha plastiki hii hutoka polepole. Ndani ya boksi lililozibwa hayana pa kwenda, hivyo hukaa juu ya rangi na kuifanya inate. Mfuko wa plastiki uliogusana nayo huacha alama. Unyevu wa masika huota ukungu kwenye kadibodi na kutia kutu sumaku na skrubu. Mnunuzi wa baadaye atalipia boksi zuri na kukuta haya.

Fungua, kagua, piga picha, toa mifuko inayogusa rangi, tia pakiti mbili tatu za silika kavu, zile za kunyonya unyevu, rudisha kwenye boksi na uliweke chumba cha chini chenye hewa, mbali na ukuta wa nje. Badilisha silika kabla ya masika na kabla ya vuli. Ikiwa imeshaanza kunata, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya vyombo, uikaushe kivulini. Mguu wa PVC uliopinda hunyooka ukizamishwa kwenye maji ya nyuzi 60 hadi 70 kwa dakika mbili tatu, ukashikwa mahali pake, kisha ukatiwa maji baridi. Polistoni usiifanyie hivyo.

SUALI: Yangu imeshafika, kifundo cha mguu kimekatika. Supagluu itafaa?
*Msomaji, Mwanakwerekwe*

JIBU: Kwa ncha ya kidole, tone moja linatosha. Kwa kifundo kinachobeba kilo kadhaa, hapana: supagluu hukauka ngumu na kukatika tena kwa mshituko mdogo, na mvuke wake ukikutana na unyevu wa hewa yetu huacha ukungu mweupe juu ya rangi.

Tumia epoksi ya mirija miwili, kiasi sawa kwa sawa. Jaribu kukutanisha vipande bila gundi kwanza na upige mswaki mkavu kuondoa unga. Toboa pande zote mbili kwa keekee ya milimita 1.5, kina cha milimita 8 hadi 10, tia kipande cha waya wa shaba katikati, paka epoksi nyembamba isiyofika ukingoni, funga kwa tepu ya karatasi. Iache imelala saa 24 kabla ya kuisimamisha, hata kama mrija umeandikwa dakika tano. Na usishike gundi mpaka dai lako limejibiwa, kwa kuwa ukishagundisha, muuzaji atasema uharibifu ni wako.