Meza ya Sikukuu ya Shukrani: machungwa, karafuu na maboga

Marekani husherehekea Sikukuu ya Shukrani Alhamisi ya nne ya Novemba, Kanada Jumatatu ya pili ya Oktoba. Ukishajua tarehe yako, hesabu kurudi nyuma. Mapambo mengi ya nyumbani huharibiwa na unyevu, wala si ukosefu wa ufundi, kwa hiyo vya kukausha vitangulie na vibichi vingoje siku ya mwisho.

Machungwa yaanze wiki moja kabla. Kata vipande vya unene wa nusu sentimita kwa kisu kikali. Kipande kinene upande mmoja na chembamba upande wa pili kitaungua huku na kubaki kibichi kule. Futa maji yake kwa karatasi za jikoni, vipange juu ya wavu wa chuma bila kugusana, kisha viingie kwenye oveni ya nyuzi 200 za Farenhaiti, yaani karibu 95 za Selsiasi. Huchukua saa tatu hadi nne, na huhitaji kugeuzwa kila baada ya saa moja. Usipandishe moto ili uwahi, maana sukari ya chungwa huungua na rangi ikawa ya kahawia. Kipande kilicho tayari hakinati kidoleni. Kinachonata kiache juu ya wavu usiku kucha. Ukikifungia kwenye mfuko wa plastiki kitaota ukungu. Ukitaka kuvitunga, tumia kamba nyembamba ya katani na utoboe karibu na ganda, kwani nyama ya katikati huchanika.

Chungwa zima lililochomekwa karafuu linanukia kuliko mshumaa wowote wa dukani. Toboa kwanza kwa kijiti cha meno, ndipo uchomeke. Ukisukuma karafuu moja kwa moja, kichwa chake hukatika na kidole kinauma. Chora mistari tu, usifunike chungwa lote, vinginevyo mfuko mzima wa karafuu utaishia kwenye tunda moja. Liwekee kisahani chini, kwa sababu maji yanayovuja kwenye matundu huacha doa kwenye kitambaa.

Koni za msonobari za kuokota huja na wadudu na utomvu. Tandika karatasi ya alumini kwenye trei, uzioke kwa moto uleule wa machungwa kwa nusu saa hadi dakika 45, na usiondoke jikoni. Koni iliyofumba si mbovu: hufumba ikilowa, hufunguka ikikauka.

Majani ya mepo (maple, mti ambao majani yake hugeuka rangi msimu huu) yaokote yakiwa bado laini, kwa kuwa yaliyokwisha kukakamaa huvunjika ukiyanyoosha. Yabane kati ya magazeti chini ya vitabu vizito kwa wiki moja, ukibadilisha magazeti siku ya pili. Yaliyowekwa mezani bila kubanwa hujikunja mapema mno.

Boga la kutilia maua likatwe siku moja kabla, si zaidi. Kata juu, kwangua mbegu na nyuzi zote, paka mafuta ya mgando kwenye ukingo uliokatwa, kisha tumbukiza chupa ya jemu yenye maji na maua. Maji yakimwagwa moja kwa moja ndani ya boga, huoza upesi na kulowesha meza. Maboga madogo yasiyokatwa hayana shida hiyo. Yaandike majina ya wageni kwa kalamu ya wino mzito, moja kwa kila sahani.

Urefu wa mapambo ya katikati usizidi sentimita 30, ili mtu amwone aliyekaa mbele yake. Mishumaa yenye harufu haifai mezani, inapigana na harufu ya chakula. Ya moto iwe mbali na majani makavu na katani. Palipo na watoto, afadhali taa ndogo za betri.

Halafu kuna bata mzinga mwenyewe, mlo mkuu wa sikukuu hii, naye anataka nafasi. Panga vyote vya katikati juu ya ubao mmoja au trei ndefu. Chakula kikifika, watu wawili wanaunyanyua ubao na kuuhamishia kabatini bila kuvunja kitu.