Mbwa hana mlingoti

Msomaji mmoja wa Jinja ana mbwa anayelamba nyayo zake mchana kutwa, hadi manyoya meupe yamegeuka rangi ya kutu. Ameniletea karatasi ya maelezo aliyopewa pamoja na dawa, akauliza: mbwa huyu tuseme ana aleji au ana mzio?

Yote mawili yanaeleweka. Mimi napendelea mzio, neno la kale la kitu anachojiepusha nacho mtu kwa sababu humdhuru au ni mwiko kwake. Mganda atalitambua mara moja, maana ni ndugu wa muziro wake. Kilichonikera ni mstari wa tatu wa karatasi hiyo: "Seli za mlingoti hutoa histamini", yaani kemikali ya mwili inayochochea dalili za mzio.

Mlingoti upi? Ninaoujua mimi ni wa jahazi, au ule wa bendera uliosimikwa mbele ya shule, na mbwa wa Jinja hana tanga wala bendera. Kiingereza huziita "mast cells", nazo ni seli za kinga ya mwili; mtafsiri aliona "mast", ambalo kwa Kiingereza pia ni mlingoti wa chombo cha baharini, akachukua maana ya kwanza iliyomjia, akatweka tanga. Laiti angeuliza, angeambiwa kwamba neno lenyewe halikutoka baharini bali zizini: ni la Kijerumani, lihusulo kunenepesha mifugo, na Paul Ehrlich ndiye aliyezipa seli hizo jina hilo mwaka 1878, alipoziona zimesheheni punje akadhani zinahusika na lishe. Angeandika "seli nono" ningenung'unika kidogo, kisha ningenyamaza.

Ubaya wa mlingoti ni kwamba unaficha kazi yenyewe. Vitu kama utitiri wa vumbi vikipenya ngozi dhaifu ya mbwa mwenye mzio, hunaswa na seli za Langerhans, walinzi wa ngozini, ambazo huvionyesha kwa limfosaiti T, aina ya seli nyeupe za damu. Hizi nazo huzichochea wenzao, limfosaiti B, kutengeneza kingamwili za mzio ziitwazo IgE, zinazojibandika juu ya hizo tunazogombania jina na kungoja. Kitu kile kile kikirudi, seli humwaga punje zake, histamini ikiwamo. Mlingoti haumwagi kitu. Tena, kwa mbwa, histamini si mchokozi mkuu wa mwasho: limfosaiti T hutoa interlukini-31, protini ya kupashana habari kati ya seli, ambayo huchochea neva moja kwa moja, ndiyo maana dawa za kuzuia histamini mara nyingi humsaidia kidogo tu. Hilo karatasi haikulitaja, ilikuwa safarini.

Basi tuandike "seli masti", neno la mkopo lililovishwa irabu kama homoni na vitamini. Najua wapo watakaolalamika kwamba masti halina maana kwa Kiswahili, nami nitawavumilia, mradi wasinirudishe kwenye jahazi. Wewe wa Jinja, futa mlingoti kwa kalamu, umrudishie daktari wako karatasi yake kwa adabu; dawa endelea kumpa mbwa kama ulivyoelekezwa.