Maswali ya Wasomaji: Ndege wa Pwani Alasiri ya Majira ya Baridi

SWALI: Ndugu Mhariri, alasiri moja ya majira haya ya baridi nilitembea ufukweni nikiwa na darubini ya kuazima, nikitarajia kuwaona ndege wa pwani kwa karibu. Bahari ilikuwa imekupwa mbali sana, na ndege walionekana kama vidoadoa vya kijivu kwenye tope. Kila niliposogea waliruka wote kwa pamoja, nami nikarudi bila kumtambua hata mmoja. Nilikosea wapi, na nitawatofautishaje ndege ambao wote wana rangi moja?

JIBU: Ndugu msomaji, macho yako hayana hatia, tatizo lilikuwa saa uliyokwenda. Ndege hawa huishi kwa kufuata maji. Bahari inapokupwa, tope lenye minyoo, kaa wadogo na chaza hufunuliwa kwa upana mkubwa, nao hutawanyika hadi kwenye ukingo wa maji. Inapojaa, uwanja wao wa kulia hupungua hatua kwa hatua, na maji yenyewe huwaleta kuelekea ulipo wewe. Tazama jedwali la maji la mahali unapokwenda, uchague siku ambayo bahari inajaa alasiri, kisha ufike mapema, maji yakiwa bado yanapanda. Katika pwani nyingi maji hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo sababu kujaa kwa kesho huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko kwa leo. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda juu zaidi na ndege husongamana karibu zaidi na nchi kavu, ilhali siku za maji mafu, yanapopanda kidogo tu, huenda wakabakiwa na tope la kutosha kukaa mbali nawe. Kumbuka pia kwamba mchana wa majira ya baridi ni mfupi: London, kwa mfano, katikati ya Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri.

Ukishafika, acha kutembea. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Tafuta mahali ambapo jua, ambalo wakati huo liko chini sana, litakuwa mgongoni mwako, kwa kuwa ndege aliye kati yako na jua huonekana kivuli tu. Kaa mbele ya mwamba au kichaka ili umbo lako lisijichore kwenye anga, kisha uwaache ndege waje wenyewe. Anayewaendea huwaona wakiruka. Anayewasubiri huwaona wakila, na ni katika kula ndipo wanapotambulikana.

Kuhusu rangi, umesema kweli. Wengi wao huwa na mavazi ya kupendeza wakati wa kuzaliana, wengine wakiwa na tumbo jeusi na wengine kifua chekundu kama tofali, lakini majira ya baridi yanapofika huwa wamekwisha kunyonyoka na kuota manyoya ya kijivu na meupe. Kwa hiyo iache rangi, utazame mdomo, miguu na mwendo. Sululu ana mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, nao huuzamisha kwenye tope kufuata minyoo iliyojificha ndani sana; kushirikiana jina na chombo cha kuchimbia kunamfaa kabisa. Vitwitwi wadogo wenye midomo mifupi hudonoa juujuu tu, na kati yao wapo weupeupe wanaokimbia mbele ya wimbi na kurudi nalo bila kupumzika. Wengine hukimbia hatua chache, husimama wima, hutazama, kisha hudonoa: hao huwinda kwa macho. Wanaochoma tope mfululizo huwinda kwa kugusa, kwani ncha za midomo yao zina neva nyingi zinazohisi windo lisiloonekana, na ndiyo maana wanaweza kula hata usiku.

SWALI: Ndege hawa husimama ndani ya maji baridi kwa muda mrefu. Mbona miguu yao haigandi, na kwa nini hawakai mahali penye joto?

JIBU: Damu ya moto inayoshuka mguuni hupita bega kwa bega na damu baridi inayopanda, hivyo joto huhamia kwenye ile inayorudi mwilini kabla halijapotelea majini. Wayo hupata joto la kuuzuia usigande tu, na misuli inayouendesha iko juu, chini ya manyoya. Anaposimama kwa mguu mmoja, ule mwingine ukiwa umefichwa tumboni, hupunguza zaidi upotevu huo.

Ama kuhusu makazi, kwao wengi wa ndege hao ni tundra ya kaskazini, nyanda za baridi zisizo na miti, ambako majira ya baridi ardhi huganda na chakula hufungiwa chini ya barafu na theluji. Tope la bahari, kwa chumvi yake na kwa kufunikwa na maji kila siku, huganda kwa shida, na kwa ndege huyo pwani yenye baridi bado ni ghala lililo wazi. Wengine huenda mbali zaidi: takriban ndege milioni 2 wa pwani hupitisha majira hayo Banc d'Arguin, nchini Mauritania.

SWALI: Je, naweza kwenda na mbwa wangu?

JIBU: Ikiwa taratibu za ufuo huo zinaruhusu, nenda naye akiwa amefungwa kamba, na maji yakiwa yamejaa usimsogeze kabisa karibu na kundi lililopumzika. Kila kuruka kunawagharimu nguvu walizozitafuta kwa taabu, na hawawezi kuzirudisha hadi tope lifunuliwe tena saa kadhaa baadaye. Wao wenyewe watakuonyesha mpaka: wakiacha kula, wakainua vichwa na kuanza kutembea kwa pamoja kukuepuka, umeshasogea mno, nawe rudi nyuma taratibu kabla hawajaruka.