Karatasi ya theatre tunaitiki mgonjwa akishatoka, kuna shida?

SWALI: Shikamoo anti, mimi ni nesi wa theatre huku kanda ya kati. Tuna ile karatasi ya kukagua usalama wa upasuaji ila daktari wetu anasema kapasua watu miaka 20 hawezi kusomewa karatasi kama mtoto wa chekechea, basi tunaitiki yote mgonjwa akishapelekwa wodini. Kuna shida kweli au ni mambo ya wazungu tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Shida ipo tena kubwa, bora hata msingekuwa nayo maana hapo mnasaini kwamba mmekagua na hamjakagua kitu.

Halafu hiyo ya wazungu hapana. Kabla haijasambazwa ilijaribiwa kwenye hospitali 8 za nchi mbalimbali na moja ilikuwa Ifakara, hapo hapo Morogoro, nyingine London, Toronto, Manila huko, matokeo yakatoka 2009: vifo vilishuka toka asilimia 1.5 hadi 0.8 na matatizo ya baada ya upasuaji toka asilimia 11 hadi 7. Na vitu vya kukagua kwenye karatasi ni 19 tu!

Na miaka 20 ya daktari naiheshimu ila uzoefu hauzuii kusahau. Mwaka 1935 kule Ohio, Marekani, ndege mpya ya Boeing ilipaa ikaanguka muda huo huo, aliyeirusha alikuwa rubani mzoefu wa jeshi, kumbe hawakutoa komeo linalozuia upepo kuchezea mkia ndege ikiwa chini. Baada ya hapo ndo marubani wa jeshi wakaanza kusoma orodha kabla ya kuruka, na hawa wa theatre wameiga huko huko.

Sasa mnaanzaje. Msibishane na daktari mgonjwa akiwa mezani, ongea na matron na mtu wa usingizi kwanza, sehemu ya kwanza ya karatasi aisome huyo wa usingizi kabla ya nusu kaputi, mgonjwa ataje mwenyewe jina lake na anapasuliwa nini na upande gani. Kabla ya kisu kila mtu aseme jina na kazi yake, najua hapa watu wanacheka eti tunajuana, lakini mwanafunzi aliyeshatoa sauti mara moja ndo huyo atathubutu kusema "dokta, si mguu huo". Hapo hapo muulizane kama antibayotiki imeingia ndani ya saa moja iliyopita.

Ikija dharura mama anavuja damu hakuna atakayewadai mbwembwe, someni haraka haraka. Ila gozi (vile vitambaa vya kufyonza damu) na sindano zihesabiwe kwa sauti, na hesabu isipokaa sawa mwambie daktari kwamba mgonjwa hatoki humo, akasirike asikasirike.