Ananyonya saa nzima, uzito hauendi: kimeo hakina kosa

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana wiki saba. Alizaliwa na kilo 2.9, na siku ya pili hospitali waliniambia ana sindromu ya Down. Kunyonya ananyonya, ila taratibu mno. Anakaa kwenye titi karibu saa nzima, maziwa mengine yanamwagikia shavuni, halafu anasinzia kabla hajashiba. Akinyonya anatoka jasho kichwani mpaka kitambaa kinalowa, nadhani ni hili joto letu. Juzi kliniki alikuwa na kilo 3.3. Nesi akasema watoto hawa ndivyo walivyo, nisiwe na wasiwasi. Mama mkwe anataka nimwanzishie maziwa ya ng'ombe na uji mwepesi. Jirani naye kaniletea mzee wa kukata kimeo, anasema kimeo kimerefuka ndiyo maana hanyonyi vizuri, na uzi wa ulimi nao ukatwe. Nifanye nini? (Mama mzazi, Igoma, Mwanza)

JIBU: Marahaba, mama. Huyo mzee wa kimeo mwambie asirudi, nitamfikia baadaye. Tuanze na jasho, kwa sababu ndilo neno zito kuliko yote uliyoandika, na umelipitia juu juu.

Joto la Mwanza lingemtoa jasho hata akiwa amelala mchana. Mtoto anayelowa kichwa akiwa kwenye titi, kisha anakauka akiacha, anatoka jasho la kazi. Kunyonya ndiyo kazi ngumu kuliko zote anazofanya mtoto mchanga, na moyo wenye hitilafu hujionyesha hapo. Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down, yaani waliozaliwa na kromosomu moja ya ziada, huzaliwa na hitilafu ya moyo. Inayowapata sana ni tundu kubwa katikati ya moyo: kuta zinazotenganisha upande wa kulia na wa kushoto, vyumba vya juu na vya chini, hazikuungana, na mahali pa valvu mbili (milango ya damu) ipo moja.

Najua utasema, "Alipozaliwa walimsikiliza wakasema moyo hauna shida." Wanasema hivyo kwa wengi. Wiki za mwanzo mishipa ya damu ya mapafu bado imebana, kwa hiyo damu haipiti kwa wingi kwenye tundu, na kifaa cha kusikilizia kifuani kinaweza kisitoe sauti yoyote ya ajabu. Kati ya wiki ya nne na ya nane hivi, mishipa ile inalegea, damu inafurika mapafuni, pumzi zinaenda mbio na mtoto anachoka katikati ya kunyonya. Wako ana wiki saba. Kinachotoa jibu hapa ni eko, yaani picha ya moyo kwa ultrasaundi. Haina sindano wala maumivu, anapakwa majimaji kifuani na kifaa kinapitishwa juu ya ngozi. Kila mtoto mwenye sindromu ya Down anapaswa kufanyiwa eko hata akiwa mnene na mchangamfu. Wa kwako ndiyo kabisa, na wiki hii hii. Omba barua ya rufaa. Hapo ulipo, Bugando ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda na haiko mbali nawe.

Sasa hilo la "ndivyo walivyo". Sentensi hiyo naisikia kila kliniki, na ndiyo inayoniudhi kuliko mzee wa kimeo, maana inatoka kwa watu waliovaa sare. Tufanye hesabu. Mtoto mchanga hupungua kidogo siku za mwanzo, kisha anarudi kwenye uzito wa kuzaliwa anapofika wiki mbili hivi. Kuanzia hapo, miezi mitatu ya kwanza anatakiwa kupanda gramu 20 hadi 30 kwa siku. Chukua kwamba wako alirudi kwenye 2.9 siku ya 14. Zimepita siku 35, na hata kwa kiwango cha chini angekuwa na kilo 3.6. Yeye ana 3.3, maana yake amepanda kama gramu 11 kwa siku, nusu ya kiwango cha chini. Ni kweli watoto wenye sindromu ya Down hukua polepole kidogo kuliko wenzao na wengi huwa wafupi. Lakini hiyo ni tofauti inayojengeka kwa miezi na miaka. Haielezi mstari unaolala kwenye kadi wiki ya saba. Mstari ukilala kuna sababu, na nyingi zina tiba.

Moyo nimeshautaja. Ya pili ni tezi ya thairoidi. Watoto hawa huzaliwa na tezi inayofanya kazi chini ya kiwango mara nyingi zaidi kuliko wengine, na dalili zake zinafanana na Down yenyewe kiasi kwamba hakuna anayeshtuka: usingizi mwingi, mwili kulegea, ulimi kutokeza, choo kigumu, manjano iliyokawia kuisha. Ni kipimo cha damu. Kinafanywa akiwa mchanga, tena miezi sita, tena mwaka mmoja, kisha kila mwaka. Akikutwa na upungufu, dawa ni kidonge kinachosagwa na kupewa na maziwa kidogo ya mama, kila siku. Ya tatu ni maziwa kupita njia ya hewa. Akikohoa au kukabwa akinyonya, au sauti ikawa ya majimaji baada ya kunyonya, au nimonia inajirudia, mwambie daktari. Ya nne ni utumbo: mtoto anayetapika kijani, au aliyechelewa kupata choo cha kwanza na sasa tumbo linajaa, haendi kliniki ya kesho, anakwenda hospitali sasa.

Kuhusu mizani, kidogo tu. Mizani ya kuning'iniza inasoma kwa mistari ya gramu 100, na nguo pamoja na nepi mbichi zinaweza kula gramu 200. Ukimpima amevaa wiki hii na kesho kutwa hajavaa, kadi inadanganya. Mpime uchi, mizani ile ile, kila wiki mpaka tujue kinachoendelea.

Wakati unasubiri eko, kunyonyesha kunaweza kuboreshwa leo jioni. Tatizo la mdomo wa mtoto huyu ni ulegevu wa misuli. Midomo haizibi vizuri kuzunguka titi, kidevu kinacheza, ulimi unakaa mbele, na hewa inaingia pembeni. Ni kama kunywa soda kwa mrija uliotoboka. Ndiyo maana maziwa yanamwagikia shavuni. Basi mkono wako uzibe pale misuli yake inaposhindwa. Weka kiganja chini ya titi, vidole vitatu vya mwisho vilibebe, na gumba pamoja na kidole cha shahada vitokeze mbele vikiwa umbo la U. Kidevu cha mtoto kikae kwenye bonde la hiyo U, gumba liguse shavu moja na shahada shavu la pili. Unashikilia tu kidevu kisianguke, hufinyi. Mkalishe wima akikukabili, makalio pajani kwako, kichwa juu kidogo ya chuchu, na mkono wako mwingine ushike mabega na shingo. Ukimsukuma kisogo atajirusha nyuma. Akilala chali maziwa yanakimbilia kooni na atapaliwa.

Akisinzia mvue abaki na nepi, mfute nyayo kwa kitambaa chenye unyevu, mbadilishie titi. Akiwa anachezea chuchu bila kumeza, bana titi kwa mkono wote, mbali na chuchu, mpaka umsikie anameza, kisha achia. Na hapa mama wengi wananipinga: usimwache kwenye titi saa nzima. Baada ya dakika 20 hadi 30 anachoma nguvu nyingi kuliko anazopata. Mtoe, kamua kilichobaki, mpe kwa kikombe.

Kukamua kwa mkono hakuhitaji mashine. Nawa. Weka gumba juu na shahada chini ya titi, sentimita mbili au tatu kutoka kwenye chuchu. Sukuma kuelekea kifuani kwanza, kisha bana, kisha achia, bila kuteleza juu ya ngozi. Maziwa yakipungua zungusha vidole upande mwingine. Yale yanayotoka mwishoni, mazito na meupe zaidi, ndiyo yenye mafuta, na ndiyo unayotaka yamfikie. Mpe mililita 20 hadi 30 baada ya kila kunyonya. Ili ujue unakoelekea: mtoto wa umri wake huhitaji takriban mililita 150 kwa kila kilo kwa siku, jumla yote. Kwa kilo 3.3 ni karibu 500, yaani kama 60 kwa kila mlo akila mara nane. Mlishe kila saa mbili hadi tatu, usiku pia, hata kama hajalia. Watoto hawa hawalii njaa ipasavyo, wanalala nayo, na majirani wanasema ana bahati ya mtoto mpole. Kipimo chako cha nyumbani ni nepi: sita au zaidi zenye mkojo kwa saa 24.

Kikombe kiwe kidogo, kimechemshwa. Mtoto awe wima, ukingo uguse mdomo wa chini, maziwa yafike kwenye midomo tu na yeye ayalambe mwenyewe. Ukimmiminia umemzamisha. Maziwa yaliyokamuliwa yasikae nje zaidi ya saa nne. Kwenye friji yanakaa hadi siku nne. Kama eko ikionyesha moyo umezidiwa, mpango huu wa kiasi utabadilika. Daktari anaweza kupunguza maji, kuongeza nguvu kwenye maziwa au kuweka mpira wa kulishia puani kwa muda. Mpira si adhabu wala mwisho wa titi. Unampumzisha moyo wakati dawa inafanya kazi.

Mama mkwe mweleze kwa heshima zote, lakini msimamo ubaki. Tumbo la mtoto huyu ni dogo, na kila kijiko cha uji mwepesi kinachukua nafasi ya maziwa yenye nguvu zaidi. Maziwa ya ng'ombe yana chumvi na protini nyingi kwa figo za mtoto mchanga, madini ya chuma kidogo, na yanaweza kumfanya avuje damu tumboni bila wewe kuona. Yakizimuliwa maji, hata ile nguvu kidogo inapotea. Kama maziwa yako kweli hayatoshi, tutajadili maziwa ya kopo, yaliyokorogwa kwa kipimo kilichoandikwa, bila kupunguza kijiko ili kopo lifike mwisho wa mwezi.

Sasa kimeo. Kazi yake ni kusaidia kuziba njia ya pua mtu anapomeza, hakizuii kunyonya. Kwa mtoto huyu kinaonekana kirahisi kwa sababu mdomo unakaa wazi, basi kila anayechungulia anakiona "kirefu". Ulimi nao, fikiria mwenyewe: ulimi unaotokeza nje ya midomo utakuwaje umefungwa kwa uzi? Kinachofuata kisu ni damu kwa mtoto asiye na damu ya kupoteza, siku mbili tatu za kushindwa kumeza, na uwezekano wa pepopunda au vijidudu kuingia kwenye damu. Kwa moyo wenye tundu, vijidudu hivyo vinaweza kujenga makazi moyoni. Wanaosema "wa kwangu alikatwa akapona" walikuwa na mtoto mwenye mafua, na mafua yale yangeisha wiki hiyo hiyo bila wembe.

Na si kimeo peke yake. Kuanzia Igoma hadi Magu, Sengerema hadi visiwa vya Ukerewe, orodha ni ile ile. Kuna wanaochimbua fizi kutoa "meno ya plastiki", wakati wanachong'oa ni vichipukizi vya meno halali ya mtoto. Kuna chupa za soda zenye dawa ya mchango: mililita 30 za maji ya mizizi ni nusu ya mlo wa mtoto wako, na hakuna anayejua zinafanya nini kwenye ini. Kuna wanaouza virutubisho vya "kuondoa Down", kana kwamba kromosomu ya ziada iliyo kwenye seli za mwili mzima inatoka kwa matone matatu asubuhi. Na kuna lile la kusema mtoto amebemendwa, yaani amedhoofika kwa sababu wazazi walikutana kimwili wakati ananyonya. Hili huharibu ndoa na mtoto kwa pamoja: baba na mama wanatuhumiana, mtoto anaogeshwa dawa, mama anaambiwa maziwa yake yamechafuka na aache kunyonyesha. Kukutana kwa wazazi hakuchafui maziwa. Mtoto aliyedhoofika anahitaji mizani, eko na kipimo cha thairoidi.

Tatizo kubwa la wote hawa, hata wale wasiotumia wembe, ni miezi wanayokula. Tundu kubwa la katikati ya moyo kwa kawaida hupangiwa upasuaji kabla ya miezi sita, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam inawafanyia watoto. Ukichelewa, mishipa ya mapafu iliyopigwa na damu kwa presha muda mrefu inakakamaa, na ikishakakamaa tundu haliwezi kuzibwa tena. Kuna wazazi wanaofika na mtoto wa mwaka na nusu, kimeo kimekatwa, fizi zimechimbwa, kadi ya kliniki haijaandikwa kitu tangu alipokuwa na miezi miwili, na wanaulizia upasuaji.

Kwa wewe na kwa mwingine yeyote mwenye mtoto wa namna hii: hesabu pumzi akiwa amelala, dakika nzima ukitazama saa. Zikifika 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, au 50 na zaidi akishavuka hapo hadi mwaka mmoja, au mbavu zinabonyea ndani, midomo inakuwa ya bluu, amekataa kunyonya milo miwili mfululizo, au ametapika kijani, hiyo ni safari ya usiku huo huo. Wa visiwani asingoje usiku huo umkute. Mtoto wake anapotoka jasho kwenye titi kwa mara ya kwanza, apande kivuko cha asubuhi na kadi mkononi.