Muulize Fundi: NZE ya 2005 na mlima wa Riat

SWALI
Hujambo, fundi? Mimi ni muuguzi, naishi Kiboswa na kufanya kazi Kisumu mjini. Zamu zangu nyingi ni za usiku, na kungoja matatu alfajiri kumenichosha. Mwenzangu kazini anauza Toyota Corolla NZE121 otomatiki ya mwaka 2005, kilomita 186,000, kwa shilingi 470,000. Bodi ni safi, viti ni safi. Ila asubuhi ukitia D (gia ya kwenda mbele) linakawia kidogo kabla ya kushika. Likishapata moto halina neno. Anasema otomatiki za zamani ndivyo zilivyo, na kwamba mwezi uliopita alibadilisha mafuta ya gia. Mjomba wangu naye ananiambia nitafute manyuali. Akiba yangu ni 500,000 tu. Ninunue?
Muuguzi, Kiboswa

JIBU
Dada, kwa bei hiyo na akiba hiyo, usinunue bado.

Umri wenyewe haunitishi. NZE121 ina giaboksi ya kawaida ya gia nne, na injini yake ya 1NZ hutumia mnyororo, haina mkanda wa taimingi wa kukukatikia njiani. Kinachonitia wasiwasi ni huko kukawia. Ndani ya giaboksi ya otomatiki, kinachobana klachi ni presha ya mafuta, na presha hiyo huzuiwa isivuje na sili za mpira. Mpira ukizeeka hukakamaa. Ukiwa baridi huvujisha presha, ukipata joto hulainika na kuziba, ndiyo maana gari hilo mchana linakupendeza. Lakini kila asubuhi klachi inayoshika kwa kusitasita huungua kidogo. Huenda ikawa ni mafuta tu yamepungua au chujio limeziba, na hapo gharama ni ndogo. Kwa hiyo lipime kwanza.

Hayo mafuta mapya yasikutulize. Ya zamani yangetueleza mengi: ya kahawia iliyokolea, yenye harufu ya kuungua, huonyesha klachi zimeliwa. Mekundu ya mwezi mmoja hayatuambii kitu. Muulize alitia aina gani. Gari hili halitumii mafuta ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), yale yanayotiwa kwenye Fielder nyingi za NZE141, na wapo mafundi wanaotia chochote kilicho dukani.

Nenda kwake alfajiri kabla hajaliwasha. Gusa boneti, ikiwa na joto, rudi siku nyingine, hata akikuapia. Washa, acha injini itulie, kanyaga breki, tia R (gia ya kurudi nyuma), kisha D. Sekunde moja naikubali. Zikizidi mbili, sili zimechoka au mafuta hayatoshi. Halafu panda nalo kutoka Mamboleo, Riat yote, hadi kwenu Kiboswa, na watu watatu ndani, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi litakayokufanyia kila siku. Injini ikinguruma zaidi na gari lisiongeze mwendo, klachi zinateleza. Taa ya O/D OFF kwenye dashibodi ikimetameta yenyewe, kompyuta imeona kosa. Fundi wako alisome kwa mashine. Fundi wako, dada, si wa muuzaji. Mahali salama penye mwinuko, jaribu pia kupanda kinyumenyume, maana gia ya R huchoka bila mtu kugundua.

Kuhusu kilomita, Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo hilo limekuwa kwenye barabara zetu zaidi ya miaka kumi. Tazama raba ya pedali ya breki na usukani. Vikiwa vimelika hadi kung'aa, usiamini 186,000.

Kabla ya kujadili bei, pigia simu wauza spea wawili watatu hapo Kisumu. Uliza giaboksi ya mtumba ya NZE121 ni kiasi gani, pamoja na kufunga na mafuta. Likikawia asubuhi hiyo, toa kiasi hicho chote kwenye 470,000. Akikataa, mshukuru uondoke. Mtaonana wodini kila siku, na gari likifa mwezi wa pili mtakoseana bure.

Mjomba ana hoja. Klachi ya manyuali ikiisha, hata fundi wa Kakamega ataibadilisha siku hiyo hiyo, na kwa mtu atakayebaki na 30,000 baada ya kununua, hilo ni jambo kubwa. Kama unaweza kuendesha manyuali, angalia moja mbili kwanza. Na gari lolote utakalochukua, ukitoka zamu na usingizi, tafadhali lala kidogo kabla ya kushika usukani.

Likifaulu yote, linganisha namba ya chesisi na iliyo kwenye logibuku. Ianze na NZE121. Pakiwa na jina la benki au sako kando ya lake, deni lilipwe na jina litolewe kwanza. Pesa mpe siku mnapohamisha umiliki NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), mkiwa pamoja, wala usikubali ahadi ya "nitakuhamishia wiki ijayo".